Hoteli ya nyota tano: uliza kabla ya kupokea ufunguo

Juma hili nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hukutana nalo mara moja au mbili tu maishani, na ndiyo maana hutukuta hatujajiandaa. Nalo ni kulala katika hoteli ya kifahari, zile za katikati ya jiji kubwa, ambako mlango unafunguliwa na mtu aliyevaa vizuri kukushinda wewe mgeni.

Mwezi Julai 2018 nilialikwa Nairobi kwenye semina ya watangazaji ya siku tatu. Waandaaji walitulipia chumba na kifungua kinywa katika hoteli ya nyota tano. Jina la hoteli silitaji, kwa sababu utaratibu nitakaoueleza si wake peke yake. Nilifika jioni, nikapewa glasi ya maji ya matunda, na kijana wa mapokezi akaniomba pasi ya kusafiria na kadi ya benki. Nikamwambia chumba kimekwisha kulipiwa. Akatabasamu, akasema, "Ni utaratibu tu, bwana." Nikaweka namba yangu ya siri kwenye mashine, nikatia sahihi karatasi ambayo sikuisoma, nikapanda lifti.

Siku ya pili mke wangu akanipigia simu kutoka Dar es Salaam. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na ada ya binti yetu ilikuwa katika akaunti yangu. Nilipojaribu kumtumia kwa simu, benki ikanijibu kwamba salio halitoshi. Nikajaribu tena, jibu likawa lile lile. Nilishuka mapokezi nikitokwa jasho, ingawa Nairobi mwezi wa Julai ni baridi.

Kumbe ule "utaratibu tu" ulikuwa ni amana. Hoteli ilikuwa imezuia dola 100 kwa kila usiku, jumla dola 300 kwa siku zangu tatu. Kwa bei ya dola ya wakati ule, hizo zilikuwa karibu Sh 680,000 za Tanzania. Ndiyo ada yenyewe.

Hebu tuelewane vizuri hapa. Amana hii si wizi, wala fedha haijakatwa. Hoteli huiomba benki yako iweke kando kiasi fulani, kwa sababu mgeni anaweza kula, kupeleka nguo kwa dobi, kunywa vilivyomo kwenye friji la chumbani, kisha akaondoka alfajiri bila kulipa. Unapoondoka, hoteli hukata ulichotumia na kuiarifu benki ifungue kilichobaki.

Tatizo liko kwenye aina ya kadi. Mwenye kadi ya mkopo haoni uchungu wowote, maana kinachozuiwa ni sehemu ya mkopo ambao benki yake imekubali kumpa. Lakini wengi wetu tuna kadi inayochota moja kwa moja kwenye akaunti ya mshahara. Kwetu sisi kinachozuiwa ni unga, nauli na ada. Tena, hoteli ikiifungua amana leo, haina maana kwamba utaiona leo. Habari husafiri kutoka benki ya hoteli hadi benki yako, na ikivuka mpaka wa nchi huweza kuchukua siku kadhaa. Fedha yangu ilirudi siku ya tisa baada ya kuondoka. Tulikopa kwenye chama cha akiba na mikopo cha kazini, na binti akaripoti shuleni akiwa amechelewa siku nne.

Hiyo ni hesabu ya kwanza. Ya pili ni kodi. Baadhi ya hoteli, hasa kwa wateja wa semina na makampuni, hutaja bei ya chumba kabla ya kodi. Chukua mfano wa chumba cha Sh 20,000 za Kenya. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16, yaani Sh 3,200. Tozo ya utalii ni asilimia 2, yaani Sh 400. Chumba cha 20,000 kimekuwa cha 23,600 kabla hujavua viatu. Kwetu Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18. Ziko pia hoteli zinazoongeza malipo ya huduma.

Hesabu ya tatu ni vitu vidogo. Mara nyingi chupa za maji zilizo mezani ni za bure, na zile zile zilizo ndani ya friji zinalipiwa. Dobi hutoza kwa kila nguo, hata soksi. Mimi soksi zangu nilizifua mwenyewe usiku na kuzianika bafuni, na sioni aibu kulisema.

Sasa utauliza, kwa nini pawe ghali hivyo? Chumba cha hoteli ni kama nyanya za jioni sokoni. Kisipouzwa usiku huu, usiku huu haurudi. Lakini lifti, jenereta, walinzi, jiko na mishahara vinaendelea kudai, wageni wawepo wasiwepo. Tumeona matokeo yake pale pale Nairobi. Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipokatiza safari, hoteli ya InterContinental ya katikati ya jiji ilifungwa. Hoteli ya Hilton, yenye lile jengo la mviringo lililofunguliwa 1969, nayo ikafunga milango mwishoni mwa 2022.

Kwa sababu hiyo hiyo bei hupanda na kushuka. Kukiwa na mkutano mkubwa hupanda. Mwisho wa juma, wenye shughuli za kikazi wakiondoka, hoteli nyingi za katikati ya jiji huwa tayari kupunguza. Anayeuliza hupata, na asiyeuliza hulipa bei iliyoandikwa.

Na zile nyota? Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina vigezo vya pamoja vya kupanga hoteli, kuanzia nyota moja hadi tano. Hupima jengo, vifaa na huduma. Hazikuambii kama utaeleweshwa kuhusu fedha yako. Hilo ni juu yako wewe mwenyewe.

Kwa hiyo, ukialikwa mahali kama hapo, uliza maswali matatu kabla ya kupokea ufunguo. Je, bei hii ina kodi ndani? Mtazuia kiasi gani, na kwa muda gani? Naweza kuweka amana taslimu, au mwenyeji wangu adhamini? Hoteli nyingi hukubali mojawapo ya hayo mawili zikiombwa mapema. Mwenzangu mmoja kutoka Kampala aliomba friji lake lifungwe na huduma za kulipia zisitishwe, wakampunguzia amana papo hapo. Yeye aliuliza. Mimi niliogopa kuonekana mshamba.

Ndugu msikilizaji, aibu ya kuuliza pale mapokezi ni ya dakika moja. Ya kwangu mimi ilikaa siku tisa.