Kwa nini pampu hushindwa kuvuta dizeli kutoka bondeni

Msikilizaji, lori limeacha mapipa ya dizeli barabarani bondeni, na mashine ya kusaga iko juu kilimani. Unawasha pampu huko juu, inanguruma, lakini haitoi hata tone. Je, ni mbovu? Mara nyingi ni nzima.

Ukweli ni kwamba pampu haivuti. Inaondoa hewa ndani ya mpira, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma mafuta yapande, kama unavyokunywa pombe kwa mrija. Nguvu ya hewa ina kikomo. Kule pwani inaweza kuinua maji karibu mita 10 tu, hata pampu iwe kubwa namna gani. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 hewa ni nyepesi zaidi, na kikomo hushuka hadi karibu mita 8 na nusu. Kwa hiyo pampu iliyoandikwa kwamba inavuta mita 7 kwa kawaida imepimwa kwa maji, usawa wa bahari. Huku kwetu Kibimba na vilima vingine vya Ngara, usiitegemee kupita mita 5.

Dizeli ni nyepesi kuliko maji, lakini hutiririka kwa uzito, hasa asubuhi ya baridi. Mpira mrefu na mwembamba huongeza kazi, na tundu dogo tu linaingiza hewa. Kumbuka pia kupima kuanzia usoni mwa mafuta, maana pipa likipungua, kimo kinaongezeka.

Dawa ni moja: shusha pampu karibu na pipa, isukume mafuta kwenda juu. Kusukuma hakufungwi na kikomo hicho; kunategemea nguvu ya pampu yenyewe. Tumia pampu iliyotengenezwa kwa ajili ya dizeli, kwani mafuta huharibu mipira ya pampu nyingi za maji. Petroli usiiguse kwa pampu ya injini: cheche moja inatosha kuwasha moto.

Na pampu ikigoma, usinyonye mpira kwa mdomo. Dizeli kidogo ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua. Aliyemeza asilazimishwe kutapika. Apelekwe kituo cha afya mara moja.