Bei Isiyosomeka



Ukinunua kifurushi cha simu, unalipa kwanza, unatumia, kinaisha. Kesho bei ikipanda, unaweza kuacha. Nchini Uingereza watu wengi hawanunui hivyo. Mteja anatia saini mkataba wa simu au intaneti, mara nyingi wa miezi 24, na analipa kila mwezi. Akitaka kutoka kabla ya muda kwisha, anatozwa fedha. Kwa hiyo amefungwa.

Tungedhani kampuni nayo imefungwa. La! Mikataba mingi ilikuwa na maneno haya: kila mwaka bei itapanda kwa kiasi cha mfumuko wa bei, na juu yake asilimia 3.9. Mfumuko wa bei ni kipimo kinachoonyesha bei za vitu zimepanda kiasi gani kwa mwaka. Siku ya kutia saini, kipimo cha mwaka ujao hakijulikani. Mteja hakijui, kampuni haikijui. Lakini kikipanda, anayelipa ni mteja.

Ni kama kukodi shamba kwa misimu miwili, halafu mwenye shamba aandike: "Kodi itapanda kadiri mahindi yatakavyopanda, na kidogo zaidi." Nani atakubali? Huko walikubali, maana maandishi yalikuwa madogo na simu ilikuwa nzuri.

Desemba 2022 kipimo kilifika asilimia 10.5. Jumlisha 3.9, unapata 14.4. Yaani kwa kila pauni 100, unaongeza pauni 14 na senti 40. Tufanye hesabu. Mteja aliyekuwa akilipa pauni 30 kwa mwezi, mwaka 2023 aliongezewa pauni 4 na senti 32. Simu ile ile, mkataba ule ule. Na mwaka huo chakula nacho kilikuwa kimepanda.

Watu hao walikwenda shule, tena miaka mingi. Herufi walizisoma zote. Walichoshindwa kusoma ni fedha watakayolipa, kwa sababu haikuandikwa.

Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya huko, ikatoa amri. Mikataba inayofanywa kuanzia tarehe 17 Januari 2025 lazima ionyeshe nyongeza kwa pauni na senti, na lini itaanza. Hapa wengi wanakosea: kupandisha bei hakukukatazwa. Kilichokatazwa ni kuficha nyongeza ndani ya asilimia isiyojulikana. Na mikataba ya zamani iliendelea kama ilivyotiwa saini.

Je, mambo yakaisha? Hata kidogo. Oktoba 2025 kampuni moja ya simu ilitangaza nyongeza kubwa kuliko ile iliyowaambia wateja wake: badala ya pauni 1 na senti 80 kwa mwezi, ikawa pauni 2 na senti 50. Ofcom ilisema haikupendezwa. Wateja walipewa siku 30 za kutoka bila kutozwa kwa kuvunja mkataba, ila aliyechukua simu yenyewe kwa mkopo alipaswa kumaliza deni lake. Asiyeisoma barua hiyo ndani ya siku 30 alibaki na bei mpya.