Datsun ya babu na zile cc 4

Tuseme umeachiwa Datsun 1200 ya babu. Inatoa moshi wa bluu, inakula oili, na fundi ameshashusha injini. Sasa anakuuliza: "Tuirudishe ilivyokuwa, au tuiongezee nguvu?" Kabla hujajibu, twende na hesabu kidogo.

Injini hiyo, A12, ina silinda 4. Kipenyo cha kila moja ni milimita 73, na pistoni husafiri milimita 70. Piga hesabu, utapata cc 293 kwa silinda, jumla kama 1,171. Wengi hudhani nguvu iko kwenye kupanua silinda. Haya, panua mpaka milimita 74: unapata cc 1,204. Nyongeza haifiki hata asilimia 3! Silinda panua kwa sababu zimelika, si kwa kutafuta mbio.

Faida iko kwenye mgandamizo. Pistoni ikifika juu kabisa, hubaki nafasi ndogo ambamo hewa na petroli hubanwa. Kwa mgandamizo wa 9 kwa 1, nafasi hiyo ni kama cc 36.6. Ukichonga uso wa silinda hedi mpaka zipungue cc 4 tu, umefika 10 kwa 1. Mchanganyiko uliobanwa zaidi hutanuka zaidi ukishawaka, kwa hiyo petroli ileile inafanya kazi kubwa zaidi.

Ila usishangilie mapema. Kubana huongeza joto. Likizidi, sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Utasikia injini inagonga, hasa ukipanda mlima kwa gia kubwa. Ukipuuza, pistoni inaweza kutoboka.

Na mahali unapoendesha panahusika. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, kanieneo la hewa liko chini ya lile la pwani kwa kama asilimia 20, kwa hiyo silinda huingiza hewa kidogo. Injini iliyotulia huko inaweza kuanza kugonga ikishuka Mombasa.

Basi mwambie fundi apime kwanza ujazo wa kila chumba cha hedi, kwa bomba la sindano lenye mafuta, na asisahau unene wa gasketi. Akishajua namba, ndipo achonge, tena kidogo kidogo. Gasketi unaweza kubadilisha kesho. Hedi iliyochongwa kupita kiasi hairudi.