Saa Zisizozaa

Mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, jeshi la Uingereza liliishiwa makombora. Kashfa ile ikaitikisa serikali, ikaundwa wizara mpya ya silaha chini ya David Lloyd George, na viwanda vikaambiwa visilale. Wanawake kwa maelfu wakashika mashine zilizoachwa na wanaume waliokwenda vitani. Wiki ya saa 70 haikuwa ajabu, na Jumapili ikawa siku kama siku nyingine. Nani angethubutu kusema amechoka wakati kaka yake yuko kwenye handaki, anapigwa mizinga?

Cha kushangaza ni kwamba serikali ileile iliyoyalilia makombora ndiyo iliyounda kamati ya kuchunguza afya ya wafanyakazi hao. Wachunguzi waliingia viwandani na madaftari yao, wakaandika nani amefanya saa ngapi na ametoa vipande vingapi. Inasimuliwa kwamba msimamizi mmoja aliifupisha kazi ya Jumapili kwa hesabu ambayo mwenye duka yeyote angeielewa: kazi ya siku saba, mazao ya siku sita, malipo ya siku nane. Jumapili, bila shaka, ililipwa zaidi.

Takwimu hizo zilichapishwa, kisha zikasahauliwa kwa miongo mingi, hadi mwanauchumi John Pencavel wa Chuo Kikuu cha Stanford alipozifufua na kuzipima upya kwa mbinu za kisasa mwaka 2014. Hadi karibu saa 49 kwa wiki, mazao yalikwenda sambamba na muda: ukiongeza saa, unaongeza vipande. Kuanzia hapo kila saa ya ziada ilizaa kidogo kuliko iliyoitangulia, na aliyefanya saa 70 hakumzidi kwa lolote la maana aliyefanya saa 56. Saa 14 za mashine kunguruma na migongo kuuma, na hakuna cha kuonyesha. Pencavel aliona pia kwamba waliokosa siku ya mapumziko walitoa kidogo zaidi kuliko walioipata, hata jumla ya saa zao ilipolingana.

Utasema hiyo ni kazi ya mikono, ya ofisini ni nyingine. Kweli ni nyingine, lakini sioni kama ofisi ndiyo inayonufaika na tofauti hiyo. Kipande kibovu cha chuma huonekana mezani siku hiyohiyo. Uamuzi mbovu uliofanywa saa tano za usiku huweza kukaa ndani ya mkataba miezi sita kabla haujagundulika.

Tangu tunapoamka, ubongo hulimbikiza kemikali iitwayo adenosini, ambayo ikishika vipokezi vyake ndipo kope huwa nzito. Kahawa haiiondoi. Kafeini hukalia tu viti vyake, na adenosini husubiri mlangoni hadi mgeni huyo aondoke. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa umakini sawa na mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi za Ulaya hazimruhusu mtu kuendesha gari akikifikia. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala hufikia saa 17 saa nne usiku, na wengi wakati huo ndio wanafungua kompyuta kumalizia ripoti.

Jaribio jingine, la Chuo Kikuu cha Pennsylvania lililochapishwa mwaka 2003, ndilo ningependa kila meneja alisome. Watu wenye afya njema waliruhusiwa kulala saa 8, 6 au 4 kila usiku kwa muda wa siku 14. Wale wa saa 6 na wa saa 4 walizidi kudorora siku baada ya siku, hadi wakafanana na mtu aliyekesha usiku mmoja, hata miwili, bila kufumba jicho. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje, walijibu kwamba wamechoka kidogo tu. Baada ya siku chache za mwanzo hisia ya usingizi iliacha kupanda, huku makosa yakiendelea kuongezeka. Walidhani wamezoea.

Hapo ndipo naona mzizi wa jambo zima. Chombo tunachokitumia kupima uchovu ni ubongo, na chenyewe ndicho kilichochoka. Anayejigamba kwamba saa tano za usingizi zinamtosha huenda hadanganyi. Hana tu njia ya kujua.

Moyo nao una hesabu zake. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria mwaka 2021 kwamba kazi ya saa 55 au zaidi kwa wiki ilichangia vifo 745,000 katika mwaka 2016 pekee, kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo. Ukilinganisha na wanaofanya saa 35 hadi 40, hatari ya kupata kiharusi huongezeka kwa takriban asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Homoni za msongo hupandisha shinikizo la damu. Kukosa muda huleta sigara, chipsi za usiku na kukaa kitini kutwa.

Basi kwa nini desturi hii ya kufanya kazi saa nyingi haifi? Mtafiti Erin Reid aliichunguza kampuni moja ya washauri wa biashara nchini Marekani, ambako mfanyakazi bora alitarajiwa kuwa tayari usiku na mchana. Aligundua kwamba baadhi ya wanaume walipunguza kazi kimyakimya: walichagua wateja wa karibu, wakapokea simu nyumbani, wakanyamaza. Mabosi hawakuweza kuwatofautisha na waliojitesa kweli, na walisifiwa vilevile. Walioadhibiwa ni wale walioomba waziwazi kupunguziwa saa. Kilichokuwa kinalipwa, basi, ni sura ya kujituma. Nasi huku tuna methali za kuipamba sura hiyo, sijui ni vikao vingapi vya ofisini vimefungwa kwa "mgaagaa na upwa hali wali mkavu."

Sheria zipo. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa 50 za ziada katika kila wiki nne. Iliandikwa kabla ya WhatsApp, na ujumbe wa bosi usiku wa manane hauandikwi kwenye daftari la mahudhurio. Ufaransa imewapa wafanyakazi haki ya kuzima simu tangu mwaka 2017. Dereva wa bodaboda, ambaye bosi wake ni hesabu ya jioni, sheria zote hizi humpita pembeni.

Japani, nchi iliyoupa ulimwengu neno karoshi, yaani kifo cha kazi kupita kiasi, ilipitisha mwaka 2018 sheria ya kuwekea kikomo saa za ziada. Kwa kawaida ni 45 kwa mwezi, lakini kazi zikibana kampuni inaweza kupanda, mradi isifikishe 100 katika mwezi mmoja. Familia za marehemu zilipinga kiwango hicho. Saa 100 za ziada katika mwezi mmoja ndicho kipimo ambacho maafisa wa serikali hiyohiyo hukitumia wanapoamua kama mtu ameuawa na kazi.