Kabla ya Kulipia Programu ya Slaidi ya Mtandaoni: Je, Kifaa Chako Kinaimudu?

Siku hizi wengi hutayarisha slaidi kwa programu zinazofanya kazi ndani ya kivinjari, bila kusakinisha chochote kwenye kompyuta. Urahisi huo una sharti lake. Programu ya namna hii hubebwa na kivinjari, nacho kivinjari hubebwa na mfumo endeshi wa kifaa. Kimoja kikipitwa na wakati, slaidi zilizoonekana sawasawa nyumbani huweza kukataa kufunguka ukumbini mbele ya wasikilizaji, na ada iliyokwisha kulipwa ikawa hasara.

Mfano ulio wazi ni Flash. Kwa miaka kadhaa, baadhi ya programu za mawasilisho, ikiwemo Prezi ya awali, ziliitegemea teknolojia hiyo. iPhone haikuwahi kuikubali, na tarehe 31 Desemba 2020 kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia kabisa. Mwezi Juni 2022, Microsoft ilikistaafisha kivinjari chake cha Internet Explorer 11 katika matoleo mengi ya Windows 10. Mwaka 2023, Google iliacha kutoa matoleo mapya ya Chrome kwa ajili ya Windows 7. Kompyuta yenye mfumo wa zamani huenda ikawaka vizuri na kuandika barua bila shida, lakini isiweze kuifungua programu uliyoilipia.

Kwenye kompyuta

Kila programu ina orodha ya vivinjari inavyovikubali. Google Slides, kwa mfano, hutengenezwa kwa kuzingatia matoleo mawili ya karibuni zaidi ya Chrome, Firefox, Safari na Edge. Ukitaka kuitumia bila intaneti, utahitaji Chrome au Edge, na huduma hiyo lazima iwashwe kabla mtandao haujakatika. Ili kujua toleo la Chrome ulilo nalo, bonyeza vitone vitatu vilivyo juu kulia, kisha Usaidizi, kisha Kuhusu Google Chrome.

Kwenye simu

Kutazama slaidi ni jambo moja, kuzihariri ni jingine. Mara nyingi kivinjari cha simu huonyesha slaidi tu, na anayetaka kuzibadilisha hulazimika kupakua programu maalumu ya simu. Vivinjari vya kubana data navyo vina mipaka. Opera Mini, katika hali yake ya kubana kabisa, huutayarisha ukurasa kwenye seva za kampuni kabla ya kuuleta kwenye simu. Huokoa bando, lakini picha zinazosogea na vitufe huenda visifanye kazi. Kwa wenye iPhone, kubadili kivinjari kwa kawaida hakuleti tofauti kubwa, kwa kuwa karibu vyote hutumia injini moja ya WebKit. Kinachosaidia ni kusasisha mfumo wa iOS wenyewe.

Tunashauri ufanye haya

1. Soma orodha ya vivinjari na vifaa vinavyokubalika kabla ya kulipa, na uihifadhi kwa kuipiga picha ya skrini.

2. Tumia kipindi cha majaribio ya bure kwenye kifaa kile kile utakachokitumia. Jaribu kuhariri, kucheza video na kuonyesha slaidi kwa ukubwa wa skrini nzima.

3. Ikiwa utatumia kompyuta ya ukumbini, fika mapema uijaribu. Huenda usiruhusiwe kusasisha kivinjari chake.

4. Pakua nakala ya PDF na uiweke kwenye simu na kwenye diski mweko. Video na miondoko haitakuwamo, lakini maneno na picha zako zitabaki.

5. Soma masharti ya kurudishiwa fedha, na uangalie kama ada itakatwa yenyewe kipindi cha majaribio kikiisha.

Muuzaji akitangaza kwamba programu yake hufanya kazi kwenye kifaa chochote, nayo ikashindwa kwenye chako, usikubali kuambiwa tu kwamba ununue simu mpya. Mwandikie ukitaja aina ya kifaa, toleo la kivinjari na tarehe ya malipo, ukiambatisha risiti na picha ya tangazo. Asipokujibu, tuletee malalamiko yako pamoja na vielelezo hivyo, kwani bila vielelezo ni vigumu kwetu kukusaidia.