Kidonge na Tumbo Lililokatwa

Mwaka mmoja au miwili baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, mizani huacha kushuka, na kwa wengi hupanda tena kidogo. Hapo ndipo kopo la vidonge vya kukata mwili huanza kuonekana kabatini, na swali huulizwa: dawa hizi ni salama? Salama kwa tumbo lipi? Dawa nyingi zilifanyiwa majaribio kwa watu wenye tumbo zima.

Upasuaji wenyewe si wa aina moja. Kuna ule wa kukata tumbo kwa urefu, ambapo karibu asilimia 80 hutolewa na kinachobaki ni bomba jembamba kama ndizi, utumbo hauguswi. Kuna na ule wa kuchepusha chakula, ulioanzishwa na Edward Mason huko Iowa, Marekani, mwaka 1966. Siku hizi daktari hutenga kifuko cha mililita 30 hivi na kukiunganisha na utumbo mwembamba kule chini, hivyo chakula hakipiti tena sehemu kubwa ya tumbo wala mwanzo wa utumbo.

Sasa chukua orlistat, dawa inayozuia takriban asilimia 30 ya mafuta ya chakula yasisharabiwe. Kwa aliyechepushwa, vitamini A, D, E na K tayari huingia mwilini kwa shida, na dawa hii huzidi kuzipunguza. Baya zaidi limejificha. Mafuta yaliyobaki utumboni hunasa kalsiamu, ambayo kazi yake mojawapo ni kuishika oksaleti ya mchicha na karanga ili itoke na choo. Oksaleti ikikosa wa kuishika, huingia kwenye damu na kwenda kwenye figo, ikatengeneza mawe, na wakati mwingine ikaharibu figo zenyewe. Mimi nisingemruhusu mgonjwa wa aina hii ajinunulie orlistat.

Vidonge vya nyuzinyuzi vinavyovimba vikipata maji navyo vina hatari yake: anayekunywa kwa mafunda madogo, na njia imekuwa nyembamba, huweza kuzibwa.

Phentermine, dawa ya kupunguza hamu ya kula iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1959, huendesha moyo mbio na kupandisha shinikizo la damu, ingawa madaktari huitumia kwa uangalifu hata baada ya upasuaji. Fenfluramine, iliyokuwa ikitumiwa pamoja nayo, iliondolewa sokoni mwaka 1997 kwa kuharibu vali za moyo. Sibutramine ikafuata mwaka 2010, lakini bado hukutwa imefichwa ndani ya “kahawa” na “chai asilia” za kupunguza tumbo. Hizo usiziguse kabisa.

Sindano za semaglutide na liraglutide zina matumaini zaidi, na zimesaidia watu waliorudisha uzito. Tatizo ni kwamba huzima hamu ya kula, na mtu ambaye tayari anakula kidogo huishia kutokula, protini ikapungua. Akitapika siku nyingi, vitamini B1 humwishia, na ubongo unaweza kudhurika kabla hajajua.

Na kabla ya kuongeza dawa, zitazamwe alizonazo. Insulini, prednisolone, amitriptyline, hata sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3, zote zinaweza kuongeza uzito. Mara nyingine kubadilisha moja kati ya hizo, kwa ushauri wa daktari aliyeiandika, kunatosha.