Nakala za kujiendesha ndani ya Windows: zipimie nafasi, usizizime

Laptopu yenye diski ya GB 256 ikianza kuonyesha mstari mwekundu kwenye diski C, ushauri wa kwanza anaopewa mwenye nayo mara nyingi ni kuzima System Restore. Ushauri huo unazunguka kwa mafundi na kwenye video za mitandaoni kana kwamba ni wa bure. Si wa bure. Bei yake hulipwa siku draiva mbovu inapoingia na kompyuta ikagoma kuwaka. Wakati huohuo kile kinachomlia mtu bando na kumhamishia mafaili yake, yaani upakiaji wa kujiendesha kwenda OneDrive, kinaachwa kiendelee kwa sababu hakuna aliyekiona kikianza. Windows huvieleza vitu hivi kwa maneno yanayokaribiana sana, na mtumiaji wa nyumbani hana namna rahisi ya kujua kipi kinalinda nini. Ndiyo maana nataka kuvitenganisha.

System Restore ilikuja mwaka 2000 pamoja na Windows Me, kisha ikaingia Windows XP mwaka uliofuata. Kazi yake ni kuurudisha mfumo, yaani mafaili ya Windows yenyewe, rejista, draiva na programu zilizosakinishwa, katika hali uliyokuwa nayo siku fulani. Siku hiyo huwekewa alama ya kurejea. Windows huweka alama hizo yenyewe kabla ya kusakinisha draiva, masasisho na baadhi ya programu, na wewe unaweza kuweka yako wakati wowote. Picha, barua, hesabu za duka na kazi za shule za watoto haziguswi: ukirejea kwenye alama ya wiki iliyopita, barua uliyoandika jana utaikuta palepale. Lakini ukiifuta barua hiyo kwa bahati mbaya, usitegemee System Restore ikurudishie. Hiyo si kazi yake, na wengi hulijua hilo wakiwa wameshachelewa.

Sifa mbaya ya kula diski ina chanzo chake. Katika Windows XP kipengele hiki kiliruhusiwa kuchukua hadi asilimia 12 ya diski, tena wakati ambapo diski zenyewe zilikuwa ndogo. Kuanzia Windows Vista utaratibu ulibadilika. Sasa Windows haikopi mafaili mazima, bali inaifuatilia diski kwa vipande vidogo vidogo. Inafanya kama karani wa ghala mwenye daftari la penseli: kabla hajafuta mstari ili aandike mpya, anaunakili ule wa zamani kwenye karatasi ya pembeni. Mistari isiyoguswa haihitaji kunakiliwa. Ukiitaka hali ya wiki iliyopita, daftari la leo na karatasi za pembeni zinasomwa pamoja.

Kutokana na utaratibu huo, nafasi inayoliwa haitegemei ukubwa wa diski wala umri wa alama. Inategemea ni kiasi gani cha diski kimebadilika tangu alama ilipowekwa. Mtu anayeandika barua na kusoma habari tu, alama zake zitakaa muda mrefu katika nafasi ndogo. Yule anayejaza filamu kwenye diski C, anazifuta, kisha anajaza nyingine juu yake, anailazimisha Windows inakili mabaki ya filamu zilizofutwa kwenye karatasi za pembeni. Nafasi iliyotengwa ikijaa, alama ya zamani kuliko zote hufutwa kwanza, kisha inayofuata. Hivyo mtu hujikuta na alama moja tu, ya jana, wakati tatizo lake lilianza wiki mbili zilizopita. Akilaumu System Restore kwamba haifanyi kazi, anaionea. Amemaliza karatasi zake kwa filamu. Kama kompyuta yako ina diski D, au una diski ya nje, weka filamu na muziki huko, na alama zako zitadumu.

Sasa tufanye kazi yenyewe. Kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows andika "Create a restore point", kisha ufungue dirisha linalotokea. Utaona orodha ya diski zako, na mbele ya kila moja neno "On" au "Off". Usishangae ukikuta C imeandikwa "Off", kwa sababu katika kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 kipengele hiki hukutwa kimezimwa bila mwenyewe kukigusa wala kuulizwa. Chagua C, bonyeza "Configure", washa ulinzi, kisha sogeza kitelezi cha "Max Usage". Kwa diski ya GB 256 mimi huweka asilimia 5, ambayo ni karibu GB 12. Kwa diski ya GB 128 asilimia hiyohiyo inatoa kama GB 6, na inatosha kushika alama kadhaa kwa matumizi ya kawaida. Penye diski ya TB 1, asilimia 2 inatosha kabisa. Diski za data, kama D, hazina haja ya ulinzi huu, ziache "Off".

Kwenye dirisha hilohilo kuna kitufe cha "Delete" na chaguo la "Disable". Ukizima ulinzi wa diski, alama zote zilizokuwepo hufutwa papo hapo, na kuuwasha tena hakuzirudishi. Anayeuzima kwa dakika kumi ili apate nafasi, akidhani atauwasha baadaye mambo yaendelee kama zamani, amefuta historia yote. Ukibanwa na nafasi, punguza kitelezi badala ya kuzima. Njia nyingine ni hii: fungua Disk Cleanup, bonyeza "Clean up system files", kisha kwenye ukurasa wa "More Options" uagize alama zote zifutwe isipokuwa ya mwisho. Utapata nafasi na bado utabaki na pa kurejea.

Katika Windows 11 toleo la 24H2, tangu sasisho la Juni 2025, alama huhifadhiwa kwa siku 60 tu. Kwa hiyo hata ukitenga nafasi kubwa, alama ya miezi sita iliyopita usiitarajie. Siku 60 si haba, kwani uharibifu wa draiva au sasisho huonekana ndani ya siku chache. Tabia ninayoishauri ni kuweka alama yako mwenyewe kabla ya jambo lolote zito: kusakinisha draiva ya printa iliyopakuliwa mtandaoni, kuweka programu ya uhasibu, au kumkabidhi fundi mashine.

Alama hiyo hufaa hata Windows ikikataa kuwaka. Baada ya kushindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, kompyuta hufungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Ingia "Troubleshoot", kisha "Advanced options", na humo utaikuta System Restore. Hapo kuna kikwazo ambacho kimewatoa watu jasho. Kompyuta nyingi za Windows 11 zina diski iliyofungwa kwa usimbaji, na kabla ya kuruhusu matengenezo zinaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiandaa kompyuta. Kama akaunti hiyo ilifunguliwa na aliyekuuzia laptopu, au na kijana wa dukani aliyekusaidia siku ya kwanza, huna ufunguo. Ingia kwenye akaunti yako leo ukiwa mzima na mashine ikiwa nzima, uutafute, uunakili kwenye karatasi, uihifadhi pamoja na vyeti vyako.

Kuhusu folda ya Windows.old, maneno machache yanatosha. Hiyo ni Windows yako ya zamani, iliyowekwa kando baada ya kupanda toleo jipya. Ni kubwa, lakini hujifuta yenyewe baada ya siku 10. Ivumilie siku hizo, kwa maana ndiyo njia yako ya kurudi toleo la awali. Wenye Mac nao wana nafuu: Time Machine, iliyoanza mwaka 2007, huhifadhi ndani ya diski ya Mac picha za hali ya diski za saa 24 zilizopita, na huziondoa yenyewe nafasi ikihitajika. Kuzifuta kwa mkono hakuna faida ya maana.

OneDrive ndiyo inayohitaji mkono mkali zaidi. Unapoandaa kompyuta mpya kwa akaunti ya Microsoft, folda zako za Desktop, Documents na Pictures zinaweza kuhamishiwa ndani ya folda ya OneDrive na kuanza kupakiwa mtandaoni. Nafasi ya bure ni GB 5. Picha za harusi moja zinaimaliza, kisha yanaanza matangazo ya kukutaka ununue nafasi zaidi. Kwa familia inayotumia intaneti ya simu ya baba kama hotspoti, bando la wiki linaweza kuisha kwa mchana mmoja bila mtu kufungua video hata moja. Dawa ya haraka ni kuingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo na kuwasha "Metered connection". OneDrive kwa kawaida husimama ikijua kuwa intaneti inalipiwa kwa kipimo. Ukitaka kuiondoa kabisa kwenye folda zako, bonyeza ile alama ya wingu karibu na saa, fungua "Settings", ingia "Sync and backup", kisha "Manage backup", na uzime folda moja moja. Baada ya hapo usiogope ukikuta Desktop ni tupu: tafuta mafaili ndani ya folda ya OneDrive, kisha uyarudishe. Yale yenye alama ya wingu bado yako mtandaoni tu, kwa hiyo yapakue kwanza.

Wala usiichukulie OneDrive kuwa ndiyo nakala yako salama peke yake. Inalinganisha pande mbili: ukifuta faili kwenye kompyuta, linafutwa na kule. Kwa akaunti binafsi linakaa kwenye pipa la taka kwa siku 30, kisha basi.

Kwa mafaili yako, chombo kinachofaa kimo ndani ya Windows tangu mwaka 2012, nacho ni File History. Kinahitaji diski ya nje. Ukiiunganisha na kukiwasha chombo hicho kupitia Control Panel, Windows hunakili matoleo mapya ya mafaili kila saa. Ibadilishe iwe kila siku ukipenda, lakini jambo la lazima kubadilisha ni "Keep saved versions", ambayo huja ikiwa "Forever", yaani milele, na diski hujaa. Weka "Until space is needed". Tofauti na alama za kurejea, nakala hizi haziko kwenye diski ileile ya kompyuta. Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilipofunga mafaili ya watu duniani kote ikidai fidia, ilifuta pia nakala za kivuli, yaani zile karatasi za pembeni ambazo System Restore huzitegemea; ziko ndani ya mashine, kwa hiyo zilikwenda na mashine. Diski ya nje iliyochomolewa haikufikiwa. Kwa sababu hiyohiyo usiiache diski imechomekwa mchana na usiku, wala usiibebe kwenye begi moja na laptopu.

Nakala isiyojaribiwa haina hakika. Wiki hii chagua faili moja lisilo na umuhimu, lifute, kisha ulirudishe kutoka kwenye diski ya nje. Likirudi na likafunguka, endelea na mpangilio wako. Lisiporudi, rekebisha kabla ya kupakua sasisho linalofuata.